Aliyekatiza Ghafla

Kuna taarifa moja ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili ameshaikuta, hata kama hakumbuki aliikuta wapi. Naitunga hapa mwenyewe ili nisimnyooshee kidole mwandishi yeyote: "Mwanamke mmoja, mkazi wa Misungwi, amefariki dunia baada ya kugongwa na gari alipokuwa akivuka barabara. Inaelezwa kuwa marehemu alikatiza ghafla." Hufuata sentensi ya tatu, ile ya kuwataka watembea kwa miguu wawe makini. Habari imekwisha, na chini yake kuna matokeo ya ligi.

Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikikusanya taarifa za namna hii kwa ajili ya tasnifu. Niliingia humo nikitafuta mambo ya sarufi tu: nani mtenda, nani mtendwa, kitenzi gani anapewa nani. Nilichokuta ni utanzu kamili wenye kanuni zake, kama ngano za sungura na fisi zilivyo na kanuni zake. Kila mhusika ana kitenzi chake, na hakiachi.

Anza na gari. Katika utanzu huu gari lina roho. Gari huacha njia. Gari hupoteza mwelekeo. Gari humshinda dereva, utadhani walikuwa wakipigana mweleka. Breki zina hiari yake, na siku zikiamua hukataa. Tairi hupasuka. Mwendokasi nao ni nomino inayojitegemea: "chanzo cha ajali ni mwendokasi", na huoni popote mtu aliyekuwa akikanyaga mafuta. Dereva mwenyewe ni mtu wa kushindwa. Alishindwa kulimudu gari, alishindwa kulikwepa shimo. Kitenzi cha kutenda anachopewa bila kusitasita ni kimoja, nacho huja mwishoni: alikimbia baada ya tukio.

Sasa mtazame anayetembea. Yeye hashindwi na kitu. Yeye *alikatiza*, *aliingia barabarani*, *alijitokeza*. Vitenzi vyake vyote ni vya kutenda, na hupambwa kwa vielezi: bila kuangalia, bila kuchukua tahadhari, ghafla. Katika simulizi ambamo chuma, mpira na mteremko vina makosa yake, mtu mmoja tu ana nia, na ndiye maiti.

Lazima niseme haki. Taarifa nyingi hutaja uzembe wa dereva, hasa basi linapopinduka na kuua abiria kwa mkupuo. Hapo viongozi hufika, leseni hukaguliwa, kampuni hufungiwa safari. Lakini abiria hufa wengi kwa pamoja, nao wana tiketi, wana orodha. Mtembea kwa miguu hufa mmoja mmoja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria vifo vya barabarani kuwa takriban milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na asilimia 23 ya hao walikuwa wanatembea. Ni umati mkubwa sana, ila haujawahi kufa siku moja mahali pamoja, kwa hiyo haujawahi kuwa habari kubwa.

Neno *ghafla* lilianza kunisumbua kabla ya tasnifu. Nilikuwa likizo nyumbani Misungwi, na bibi mmoja wa mtaani kwetu aligongwa akivuka barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga, inayopita katikati ya mji wetu. Alikuwa anatoka sokoni. Jioni nikamsomea mama taarifa fupi niliyoiona kwenye simu, ambayo haikuwa na jina lake, ila ilikuwa na sentensi ile.

"Wamesema alikatiza ghafla, mama."

Mama akaacha kuchambua dagaa. "Ghafla? Yule wa kutoka mlangoni hapa hadi kwenye mwembe anapumzika mara mbili? Mwanangu, hiyo ghafla aliitoa wapi?"

Bibi yule alikuwa na goti bovu tangu mimi niko shule ya msingi. Tulikuwa tukimwamkia "mwangaluka, mayu" akiwa upande wa pili wa uwanja, tukacheza, tukachoka, ndipo anatufikia na kuitikia ana kwa ana, kwa sababu hakupenda kupaza sauti. Kati ya watu wote wa mji ule, yeye ndiye ambaye neno hilo lilimfaa kidogo kuliko wote. Hata hivyo liliandikwa, na nadhani najua lilitoka wapi. Mwandishi hakumzulia. Aliliandika kwa sababu sentensi ilikuwa imeshamwandalia nafasi.

Tufanye hesabu kidogo, maana uhakiki wa neno hili hauwezekani bila hesabu. Barabara ya njia mbili ina lami ya upana wa mita 7 hivi. Kijana huimaliza kwa sekunde 6. Bibi mwenye goti bovu, akienda sentimita 70 kwa sekunde, anahitaji sekunde 10. Katika sekunde 10 gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 222. Maana yake ni kwamba bibi anaweza kusimama ukingoni, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena kama tulivyofundishwa wote darasani, asione kitu ndani ya mita 200, aanze kuvuka, na bado gari likamkuta hajamaliza. Gari lile lilikuwa nukta kule kwenye upeo alipokuwa akiangalia. Sasa limefika. Aliyetokea ghafla hapo ni nani?

*Ghafla* ni neno linaloonekana kutokea nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Aliyeketi kwenye usukani ndiye anayeona watu wakichomoza. Aliyesimama kandokando ya barabara huona kinyume chake: kila kitu hapa kinakwenda taratibu, watu, baiskeli, punda wa mkokoteni, isipokuwa hayo yanayotoka Usagara yakinguruma. Taarifa ya habari ingeweza kusimama upande wowote wa kioo. Imezoea kukaa ndani ya gari, na sidhani kama ni kwa ubaya. Dereva yuko hai, anaweza kuhojiwa.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Rudia hesabu kwa mwendo huo: zile sekunde 10 zinakuwa mita 139, na gari lenye breki nzima kwenye lami kavu linasimama ndani ya mita 28 hivi tangu dereva ashtuke, badala ya karibu mita 58. Bibi angekuwa na goti lilelile na taratibu yake ileile.

Nina jambo la kuongeza kuhusu ng'ombe, ingawa msimamizi wangu ameniambia halina nafasi kwenye tasnifu. Huku kwetu Usukumani ng'ombe huvuka barabara kuu kila siku, na siku ya mnada huvuka kwa makundi. Nimekaa kibandani pale barabarani nikatazama. Basi linalokimbilia Dar es Salaam husimama. Lori la mafuta husimama. Haisi zilizojaza husimama, konda akashuka kunyoosha miguu, na mchungaji, kijana wa miaka kumi na fimbo yake, huvusha kundi zima bila kugeuza shingo. Kundi likiisha, wanafunzi waliokuwa wakisubiri upande wa pili hukimbia nyuma ya mkia wa ng'ombe wa mwisho, wakiitumia ile nafasi kabla haijafungwa. Ng'ombe hapewi heshima hiyo kwa kupendwa. Ukimgonga, gari lako limekwisha na mwenye mali yuko pale na fimbo. Wanafunzi wale wameliona hilo mapema kuliko mimi.

Nirudi kwenye maneno. Hili la *ajali* lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako *ajal* ni muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufikia mwisho wake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inalibeba kwa maana hiyo: majaliwa ya mtu, siku yake, kifo chake. Kwa hiyo methali "ajali haina kinga" ilikuwa na akili yake. Ilikuwa maneno ya kumliwaza mfiwa: saa yake ilifika, usijilaumu, hata ungemfungia ndani angeondoka. Kisha magari yakaja na neno likahamia kwenye magari, na methali ikahama nalo bila mtu kuikagua. Sasa inasema kwamba lori bovu kwenye mteremko halina kinga. Hiyo ni methali nyingine kabisa, yenye maneno yaleyale, nayo si kweli. Kinga zipo, na nyingine ni za bei ya chini kiasi cha kutia aibu. Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likienda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake wanagongwa sana na kufanya mambo madogo: tuta hapa, njia ya miguu pale, kivuko kilichochorwa vizuri, mara nyingine geti la shule kuhamishiwa upande usiotazamana na barabara kubwa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kuhamisha geti! Ajali iliyokuwa haina kinga ikakingwa na fundi wa kuchomelea.

Hata *mwendo* umetuponyoka. Zamani mwendo ulikuwa kipimo cha miguu. Mtu alisema mahali fulani ni mwendo wa siku mbili na ukaelewa miguu ya nani. John Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, alikuwa ametembea siku 25 kutoka Tabora, kupitia nchi hii hii yetu. Barabara ya kusini ya Mwanza ilikuwa njia ya miguu kwa karne nzima kabla haijawa ya mtu mwingine. Leo *mwendokasi* ni chanzo cha ajali kwenye taarifa ya polisi, na tangu mwaka 2016 ni jina la mabasi ambayo Dar es Salaam inajivunia. Sijui lugha nyingine ambayo sababu ya kifo na fahari ya jiji vimegawana neno moja bila kugombana. Fasihi pendwa nayo ilitusaidia. Wengi wetu tulianza kupenda kusoma kwa riwaya za Elvis Musiba, tukimshangilia Willy Gamba, na sikumbuki hata siku moja nilijiuliza shujaa huyo, akiwa na haraka zake, alikuwa anawapita watu gani pembeni ya barabara.

Neno ninalolipenda zaidi katika habari hizi ni *kivuko*. Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa ile michirizi myeupe ya kuvukia barabara na kwa pantoni ya kuvukia ziwa. Mtu wa Misungwi amevijua vyote viwili. Pale Kigongo, kabla ya daraja, tulipanda MV Misungwi au mwenzake kwenda Busisi, upande wa Sengerema. Mama wa ndoo ya sato, dereva wa lori la saruji, mheshimiwa kwenye gari la vioo vyeusi: wote walisubiri foleni, wote wakaingia, wote wakavuka kwa mwendo mmoja, na wote wakaikanyaga Busisi dakika ileile. Mwenye miguu aliweza hata kutangulia kushuka. Ilikuwa adha, sikatai. Wagonjwa walikaa gatini wakisubiri chombo, na usiku ulikuwa mrefu. Lakini kilikuwa kivuko kwa maana kwamba kila aliyekuwapo alivushwa. Kile cha michirizi pale sokoni kinasubirisha upande mmoja tu.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi. Kama ni uhakiki, basi niseme wazi kwamba hii ni kazi nzuri, na kwa jambo langu ni nzuri kuliko barabara nyingi zinazoifikia. Waliolisanifu walikumbuka kwamba kuna watu wanaotembea. Kila upande una njia ya miguu ya upana wa mita 2.5, imetengwa, na ukipita pale jioni utawakuta watu wakitembea wawili wawili wakizungumza, jambo ambalo kandokando ya barabara zetu haliwezekani, kwa sababu kule tunatembea mmoja nyuma ya mwingine kama siafu, wa mbele akisikiliza honi na wa nyuma akisikiliza wa mbele. Gari linavuka kwa dakika chache. Kwa miguu ni dakika 40. Usawa wa pantoni umekwisha, lakini angalau mtu amepewa mahali pake ndani ya sentensi.

Linganisha na madaraja ya waenda kwa miguu mjini Mwanza, lile la Mabatini na lile la Furahisha, ambalo Rais Magufuli alilizindua Oktoba 2017. Hayo tumeyapokea kwa shukrani na yameokoa watu. Sehemu zile zilikuwa zinatisha. Ila yaangalie kama maandishi. Mtembea kwa miguu, mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ndiye anayepanda ngazi, anavuka juu, anashuka ngazi. Gari linapita chini, bapa, halijaguswa. Aliyepunguziwa kazi ni nani? Sisi tunaliita "daraja la waenda kwa miguu", lakini ukiliuliza lenyewe kwa umbo lake, litakuambia lilijengwa ili magari yasisimame. Nilisimama Furahisha mchana mmoja na nikawaona wanaopita chini, wakiruka kati ya daladala. Wapita njia wakawaita wakaidi. Kati yao alikuwamo mzee wa mkongojo, na nikahesabu ngazi kwa macho, nikanyamaza. Ripoti ileile ya mwaka 2023 inasema karibu asilimia 80 ya barabara zilizopimwa duniani hazifikii kiwango cha nyota tatu kwa usalama wa wanaotembea. Kuanzia Igogo hadi Buhongwa, mtu yeyote mwenye viatu angeweza kuwasaidia wapimaji.

Rafiki yangu mmoja ni mhariri wa habari, na nilimpelekea sura ya kwanza ya tasnifu nikitarajia ugomvi. Hakuukosa. Aliniambia mambo mawili, na la kwanza lilinikaa. Mwandishi, alisema, hawezi kuandika kwamba dereva *alimuua* mtu kabla mahakama haijasema. Akithubutu, gazeti litalipa. Zile "inaelezwa" na "inadaiwa" ambazo mimi nazicheka ndizo zinazomlinda. Nikamkubalia, kisha nikamwuliza mbona kinga hiyo haimfikii marehemu, ambaye "alikatiza ghafla" bila mahakama yoyote kukaa. Akasema marehemu hashitaki.

La pili lilikuwa nafasi. Habari ya mtu mmoja kugongwa hupewa maneno 40 au 50, basi. Hapo tukakaa mezani, yeye na mimi na chai iliyopoa, tukajaribu. Tulikubaliana kwamba *alimgonga* ni tukio, si hukumu, kwa hiyo dereva anaweza kupewa kitenzi chake bila wakili. Tulikubaliana pia kwamba rangi, tuta na taa ni vitu ambavyo mwandishi anaweza kwenda kuviona kwa macho yake, wala havihitaji "inaelezwa". Nikaandika:

"Dereva wa lori alimgonga mwanamke wa miaka 71 aliyekuwa akivuka barabara karibu na soko, na mwanamke huyo amefariki dunia. Mahali hapo pana kivuko ambacho rangi yake imefutika, hakuna tuta, na taa ya jirani haiwaki. Polisi hawajasema lori lilikuwa kwenye mwendo gani."

Maneno 41. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akasema inapita, isipokuwa sentensi ya mwisho angeikata, kwa sababu inasikika kama swali.